Kabla ya Kulaumu Gia, Itafute Ncha ya Anga

Matangazo ya vitako vidogo vya kamera, vile vinavyoingia begini na kuzunguka taratibu kufuata nyota, hupenda kusifia usahihi wa gia. Sifa hiyo peke yake haimsaidii sana mpiga picha. Anga hukamilisha mzunguko kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, hivyo nyota iliyo kwenye ikweta ya anga husogea sekunde 15 za tao kila sekunde ya saa (digrii moja ina sekunde 3,600 za tao). Kosa la kuifuata ni kubwa au dogo kulingana na lenzi. Kwenye kamera yenye pikseli za maikromita 4, lenzi ya milimita 50 huipa kila pikseli sekunde 16.5 za tao. Ya milimita 200 huipa kama 4 tu. Mtelezo wa sekunde 8 za tao hauonekani kwa lenzi ya kwanza, lakini kwa ya pili nyota inaanza kurefuka kama punje ya mchele.

Chukua kitako ambacho gurudumu lake lina meno 144. Parafujo inayolisukuma humaliza mzunguko kila baada ya sekunde 598, karibu dakika 10, na kasoro yake hujirudia kwa mwendo huohuo. Tuseme kasoro hiyo inaiyumbisha kamera kwa upana wa sekunde 50 za tao. Inapozidi kabisa, mtelezo hufikia takriban sekunde 16 za tao kwa dakika. Kisha hupungua, husimama, hugeuka. Sasa tuseme gia haina dosari, ila mhimili wa kitako umeelekezwa digrii moja kando ya ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Mtelezo unaweza kufikia sekunde 16 zilezile kwa dakika, lakini huu huvuta upande mmoja, picha baada ya picha. Tena, vitako vingi vya aina hii vina mota moja tu. Kamera ya kuongozea, ile ya pili inayochunga nyota moja, inaweza kuiamuru mota hiyo irekebishe kosa la gia, ila nyota ikiteleza kuelekea kaskazini au kusini hakuna mota ya kuirudisha.

Afrika Mashariki ndiko kosa hili la mhimili linakopata nafasi. Kimo cha ncha ya anga ni sawa na latitudo ya mahali: Dar es Salaam ncha ya kusini haifiki digrii 7 juu ya upeo, na Sigma Octantis, nyota hafifu inayoiashiria, humezwa na ukungu na taa. Polaris haichomozi kabisa. Nairobi ncha zote mbili ziko karibu na upeo wenyewe. Kidarubini cha kulengea ncha, kinachouzwa pamoja na kitako, kinabaki pambo, na dira ya simu huvutwa na chuma kilicho karibu. Njia iliyobaki ni kuziuliza nyota nyingine. Nyota ya utosini inayoteleza kaskazini au kusini hufichua kwamba mhimili umeelekea kushoto au kulia mno. Ya chini mashariki hufichua kosa la mwinuko. Zipo pia programu zinazotambua nyota katika picha chache zilizopigwa huku kitako kikizungushwa, zikakokotoa mhimili ulipo bila kuiona ncha.

Wapo wanaosema usumbufu huu hauna haja: piga picha za sekunde 15, uunganishe mamia. Kwa picha mojamoja wako sahihi, maana hata mhimili ukikosea digrii moja, mtelezo kwa lenzi ya milimita 200 ni pikseli moja tu. Lakini kwa saa nzima fremu imehama zaidi ya pikseli 200. Kingo zinapotea, na madoa ya kihisio yanageuka michirizi. Kila picha pia huongeza chembechembe za kelele wakati wa kusomwa. Mjini mwanga wa anga huzifunika. Kwenye giza la Serengeti, ambako ndiko watu hubebea vifaa vyepesi, hazina cha kuzifunika. Wengine hushauri kitako kizito chenye mota mbili. Hicho kitaishika nyota ya kuongozea barabara, huku nyota za pembeni zikiizunguka polepole, kwa sababu mhimili wake nao umekosea ncha. Mhimili ukikosea dakika 6 tu za tao, yaani sehemu ya kumi ya digrii, kitako kidogo hakitelezi kwa sababu hiyo zaidi ya sekunde 1.6 za tao kwa dakika, na picha ya dakika 2 inabaki ndani ya pikseli moja ya lenzi ya milimita 200. Picha ambazo gia itaziharibu zitupwe.