Betri, balbu na waya: Sayansi kwa vitendo inawezekana hata shule isiyo na maabara

Mpe mtoto wa darasa la tano betri moja ya redio, balbu ndogo ya tochi na kipande cha waya. Mwambie awashe taa. Hapo ndipo utajua kama sayansi ameielewa au ameikariri tu.

Usidhani ni kazi nyepesi. Filamu ya Marekani ya mwaka 1997, Minds of Our Own, iliwaonyesha wahitimu wa chuo maarufu cha MIT wakipewa vitu hivyo hivyo siku ya mahafali. Baadhi yao walishindwa.

Sasa fikiria shule ya msingi ambako darasa limejaa na maabara hakuna. Mwalimu anachora ubaoni, watoto wananakili, mtihani unakuja. Anayekumbuka mchoro anapata alama, hata kama hajawahi kushika balbu.

Kwa nini vitendo?

Watoto huja darasani na mawazo yao. Wengi huamini waya mmoja kutoka kwenye betri hadi kwenye balbu unatosha, kwa sababu hata waya wa pasi au feni wanauona ni mmoja. Ukiwaambia tu kwamba umeme unahitaji njia ya kwenda na ya kurudi, wataandika kwenye daftari na wazo la zamani litabaki kichwani. Linaanza kutoka pale taa inapogoma kuwaka na mtoto akajiuliza kwa nini.

Kwa Tanzania kuna sababu nyingine. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, halafu sekondari sayansi inageuka Kiingereza. Aliyewasha taa kwa mikono yake anabaki na kazi ya kujifunza jina jipya la kitu anachokijua. Aliyekariri ana kazi mbili kwa pamoja, na ni rahisi kukata tamaa na kusema "sayansi ngumu".

Wenzetu walifanyaje?

Miaka ya 1990, Leon Lederman, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 1988, alikuwa akisaidia shule za mitaa maskini ya Chicago kufundisha kwa vitendo. Mfaransa Georges Charpak, aliyeshinda Nobel hiyo 1992, alikwenda kujionea. Mwaka 1996, yeye na wenzake wakaanzisha mpango wa La main à la pâte katika shule za msingi za Ufaransa.

Utaratibu wake ni huu: swali kwanza, watoto wabashiri, wajaribu, kisha waandike walichokiona kwa maneno yao wenyewe.

Jaribu hivi

1. Kabla ya kugusa chochote, kila mtoto achore anavyodhani taa itawaka.

2. Wajaribu kwa vikundi. Ncha ya chini ya balbu ikae juu ya kichwa cha betri. Waya uguse ubavu wa chuma wa balbu na kitako cha betri. Mwalimu asiwahi kutoa jibu!

3. Ikiwaka, kateni waya katikati na muunganishe kwa kijiko, kitambaa au risasi ya penseli. Kipi kinapitisha umeme?

Tochi nyingi za sasa zina taa za LED. Hizo zinahitaji betri mbili, na ukigeuza upande haziwaki.

Tahadhari: tumieni betri tu, kamwe si umeme wa ukutani. Pia waya usiunganishe ncha mbili za betri bila balbu, utapata moto.

Vipi darasa likiwa kubwa?

Watoto 90 kwa vikundi vya sita ni betri 15 na balbu 15. Zikiwa pungufu, nusu ya darasa ijaribu huku nusu ikichora, kisha wabadilishane. Balbu na waya vikitunzwa vitatumika tena mwakani.

Mzazi, kwenye kikao kijacho cha shule usiulizie wastani wa mtihani peke yake. Uliza pia: muhula huu watoto wetu wamefanya majaribio mangapi kwa mikono yao?