Kabla ya Kulipia Mfumo: Njia Moja Haifai Kila Hali

Vikundi vya kuweka na kukopa, vyama vya ushirika na wafanyabiashara wadogo wanaendelea kuacha madaftari na kuhamia kwenye mifumo ya kompyuta na simu. Hatua hiyo ina manufaa, lakini ina gharama, na mara nyingi gharama hiyo hutoka katika michango ya wanachama. Mfumo usipofanya kazi, anayeumia ni mwanachama anayekwenda kuuliza salio lake na kukosa jibu. Katika makala hii tunaeleza jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau: mtengenezaji atatumia njia gani kuujenga mfumo, na je, njia hiyo inaifaa hali yenu?

Njia za kujenga mfumo

Fundi cherehani huchukua vipimo kabla ya kukata kitambaa. Msanifu wa mifumo naye anapaswa kuipima hali ya mteja kabla ya kuamua namna ya kufanya kazi.

Zipo njia mbili zinazofahamika zaidi. Ya kwanza ni ya hatua kwa hatua: mahitaji yote huandikwa na kukubaliwa, kisha mfumo husanifiwa, hujengwa, hujaribiwa na kukabidhiwa. Ya pili ni ya awamu fupi: sehemu ndogo hujengwa, watumiaji huijaribu, marekebisho hufanyika, kisha sehemu nyingine hufuata. Njia hii ya pili ilipata umaarufu zaidi baada ya mwaka 2001, wataalamu 17 walipokutana nchini Marekani na kutoa tamko la kuiunga mkono.

Hakuna iliyo bora kila mahali. Njia ya hatua kwa hatua hufaa pale kanuni zinapojulikana na kosa ni ghali, kwa mfano katika kukokotoa riba na gawio. Njia ya awamu fupi hufaa pale ambapo watumiaji hawawezi kueleza wanachohitaji mpaka wakione na kukigusa. Tangu miaka ya 1990, watafiti wa mifumo ya taarifa, akiwamo Sjaak Brinkkemper wa Uholanzi, wameeleza kwamba njia ya kazi nayo husanifiwa: mtaalamu huichunguza hali, huchagua vipande kutoka njia mbalimbali, kisha huviunganisha viendane na kazi iliyopo.

Kwa hiyo kikundi kimoja kinaweza kuhitaji njia mbili kwa pamoja. Hesabu za hisa, mikopo na marejesho zifuate kanuni zilizoandikwa na kusainiwa mapema. Kurasa ambazo mweka hazina atazitumia siku ya mkutano zijengwe kidogo kidogo, naye akizijaribu mwenyewe.

Somo kutoka Kenya

Huduma ya M-Pesa ni mfano ulio karibu nasi. Ilipoanza kujaribiwa nchini Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu kupokea na kurejesha mikopo kwa simu. Katika majaribio hayo ilionekana kwamba watu waliitumia kwa mambo mengine pia, hasa kutumiana fedha. Wasanifu waliipunguza na kuirahisisha, na ilipozinduliwa Machi 2007 kazi yake kuu ilikuwa kutuma fedha. Aidha, menyu yake iliwekwa ndani ya laini ya simu, hivyo mwenye simu ya kawaida aliweza kuitumia.

Laiti wasanifu wangeng'ang'ania mpango wa mwanzo, wangewapa watu huduma tofauti na ile waliyokuwa wakiihitaji.

Maswali ya kumwuliza mtengenezaji

Kabla ya kusaini mkataba, tunakushauri uulize yafuatayo:

1. Je, utakuja kuona tunavyofanya kazi sasa, pamoja na madaftari yetu, kabla ya kutoa bei ya mwisho?
2. Ni sehemu zipi tutazikubali kwa maandishi mapema, na zipi tutazijaribu kwa awamu?
3. Umeme au mtandao ukikatika, kazi itaendeleaje?
4. Je, mfumo utatumika kwa simu tulizonazo, na kwa lugha tunayoielewa?
5. Tutatumia daftari na mfumo kwa pamoja kwa muda gani, ili kulinganisha hesabu?
6. Tukiachana nawe, tutapataje kumbukumbu zetu zote?

Mtengenezaji anayejibu kwamba mfumo wake "unafaa kila mtu" bila kuuliza lolote kuhusu kikundi chenu hajachukua vipimo. Msiharakishe kulipa.

Malipo na taarifa za wanachama

Gaweni malipo kulingana na njia iliyochaguliwa. Kila awamu iwe na kazi inayoonekana, na fedha zitolewe baada ya ninyi kuijaribu na kuridhika. Epukeni kulipa bei yote mwanzoni. Makubaliano ya mdomo yaandikwe katika mkataba, yakiwamo marekebisho yatakayofanyika baada ya mfumo kukabidhiwa.

Kumbukeni pia kwamba majina, namba za simu na madeni ya wanachama ni taarifa binafsi. Hapa Tanzania zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mfumo usikusanye taarifa ambazo kazi yenu haizihitaji.

Likitokea tatizo, mwandikieni kwanza mtengenezaji, mkieleza tarehe na kasoro, na mtunze nakala ya barua, mkataba na risiti. Asipotoa ufumbuzi, nyaraka hizo ndizo zitakazobeba lalamiko lenu mbele ya chombo husika. Mwanachama wa kawaida naye ana nafasi yake: auulize uongozi, katika mkutano mkuu, ni nani aliyeujaribu mfumo kabla ya fedha zake kulipwa.