Somo la Mageuzi Lianzie Mto Sondu

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Kenya anapofikia mada ya mageuzi katika Biolojia hukutana na nondo wa Uingereza: weupe walioonwa upesi na ndege juu ya miti iliyojaa masizi ya viwanda, na weusi walionusurika. Mfano huo ni sahihi. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kericho au Bomet hajapata kumwona nondo huyo. Hukariri, hujibu mtihani, kisha husahau. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nasi mbachao tunao: samaki wa Ziwa Victoria.

Mito ya Kipsonoi na Yurith, inayopita katika nchi yetu ya majani chai, huungana kuwa Mto Sondu na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Winam. Ziwa hilo lilipata kuwa na aina zipatazo 500 za samaki wadogo waitwao fulu. Wanasayansi wanakadiria kuwa lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita kabla ya kujaa tena. Kwa hivyo wingi huo wa aina ulitokea kwa muda mfupi mno katika historia ya uhai.

Tuchukue aina mbili ziishizo kwenye miamba ya upande wa Mwanza, Tanzania. Dume wa Pundamilia pundamilia ni wa buluu. Dume wa Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, ana mgongo mwekundu. Wa kwanza hukaa karibu na uso wa maji, wa pili chini zaidi. Sababu ni mwanga. Katika maji hayo mwanga wa buluu humezwa mapema, na kadiri mtu anavyoshuka ndivyo unavyobaki ule wa wekundu. Mwaka 2008 Ole Seehausen na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba macho ya samaki wa chini yana urithi unaoyawezesha kuuona wekundu vyema zaidi, na majike wao huwapendelea madume wekundu.

Hapa mwalimu awe mwangalifu. Wanafunzi wengi huandika kwamba samaki alibadilika rangi ili apate kuishi. La hasha! Hakuna samaki aliyekusudia kuwa mwekundu. Tofauti huzaliwa nazo. Mazingira huamua ni nani atakayeacha watoto wengi. Na kinachobadilika, kizazi baada ya kizazi, ni jamii nzima. Mkulima wetu wa chai ataelewa jambo hili upesi. Miche ya 6/8 iliyotokana na vipandikizi ina urithi mmoja. Ugonjwa ukiushinda mche mmoja, waweza kuishinda yote. Pasipo na tofauti, uteuzi asilia hauna cha kuteua.

Jambo hili laweza kufanyiwa zoezi bila maabara. Mwalimu akate samaki wa karatasi, 20 wa kijani na 20 wa rangi ya kahawia, awatawanye kwenye nyasi, kisha awape wanafunzi nusu dakika ya kuwinda. Kila anayebaki azae mmoja wa rangi yake. Warudie mara tatu, kisha wahamie kwenye udongo wetu mwekundu. Hesabu watakazoandika zitawafunza zaidi ya ubao uliojaa maandishi.

Kuna watakaosema kwamba silabasi ni ndefu na wakati hautoshi. Lakini zoezi hilo ni la kipindi kimoja tu, na somo lenyewe lina jambo zito kuliko alama za mtihani. Mwaka 1997 Seehausen na wenzake walionyesha kwamba pale maji ya ziwa yalipochafuka, rangi za fulu zilififia na aina zilizoishi pamoja zikapungua. Jike asiyeona rangi hawezi kuchagua. Aina mbili huchanganyika na hatimaye kuwa moja. Naam, uchafu wa maji waweza kufuta aina ya samaki bila hata mmoja wao kuvuliwa.

Sangara, au mbuta, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950, aliwala fulu wengi, na lawama hiyo haituhusu sisi wa milimani. Lakini msitu wa Mau unapokatwa, na mvua kubwa ikausomba udongo wa miteremko yetu na mbolea iliyomo, mizigo hiyo hushuka na Sondu hadi ziwani.

Kwa hiyo, mwalimu anayefundisha uteuzi asilia huku wanafunzi wake wakiutazama mto uliogeuka rangi ya matope atakuwa amefundisha mambo mawili kwa mpigo: jinsi aina za viumbe zinavyotokea, na jinsi zinavyopotea mikononi mwetu. Nondo na abaki kitabuni kama mfano wa pili. Wa kwanza na awe fulu.