Vyama vya wafanyakazi wa mkonge na TANU (Korogwe na Handeni)

Uhusiano wa vyama vya wafanyakazi wa mkonge na TANU ni sehemu ya historia ya siasa na kazi nchini Tanzania. Ulianza kama urafiki wa kudai uhuru katika miaka ya 1950, ukageuka kuwa mvutano baada ya uhuru mwaka 1961, na ukaishia mwaka 1964 pale vyama vyote vya wafanyakazi vya Tanganyika bara vilipovunjwa na kuwekwa chini ya chama kimoja kilichofungamana na TANU. Wilaya za Korogwe na Handeni katika Mkoa wa Tanga ni mahali pazuri pa kuitazama historia hiyo, kwa sababu mkonge uliajiri watu wengi kuliko kazi nyingine yoyote ya mshahara nchini wakati huo.

Swali kuu la historia hii ni: kati ya chama cha siasa na chama cha wafanyakazi, nani anamwongoza mwenzake?

Mfano wa Australia

Katika nchi kadhaa vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyozaa chama cha siasa. Nchini Australia, Chama cha Leba kilianzishwa miaka ya 1890 na vyama vya wafanyakazi vilivyokuwa vimeshindwa katika migomo mikubwa ya mabaharia, wapakiaji wa meli na wakata manyoya ya kondoo. Viongozi wao waliona kwamba mgomo peke yake hautoshi kama sheria zinatungwa na upande wa waajiri.

Mpaka leo vyama vya wafanyakazi vilivyojiunga na Leba hulipa ada kwa chama hicho na kupeleka wajumbe katika mikutano yake. Kwa sababu hiyo vina sauti katika kuchagua viongozi na kutunga sera, hata Leba inapokuwa chama tawala. Wapinzani wake hulalamika mara kwa mara kwamba sauti hiyo ni kubwa mno.

Tanganyika ilifuata njia nyingine. Chama cha siasa na vyama vya wafanyakazi vilizaliwa karibu wakati mmoja, na hakuna aliyekuwa mzazi wa mwenzake.

Mkonge katika Korogwe na Handeni

Mkonge uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwanzoni mwa karne ya 20, na mashamba yakaenea kando yake na katika bonde la mto Pangani. Hale, Mnyuzi, Magunga, Ngombezi na Mazinde ni baadhi ya maeneo ya Korogwe yaliyojulikana kwa mkonge.

Handeni ilikuwa tofauti. Sehemu kubwa ya wilaya hiyo ni nchi ya Wazigua wanaolima mahindi na kufuga, na mvua zake si za kutegemewa. Mkonge ulikuwapo, lakini si kwa wingi kama Korogwe. Katika miaka ya ukame kazi ya mashambani ilikuwa njia mojawapo ya kupata fedha za chakula na kodi.

Wafanyakazi wengine walitoka mbali, pamoja na Rwanda, Burundi na kusini mwa Tanganyika. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja aliandikishwa kwa namba. Mfanyakazi alipewa kadi iitwayo kipande, yenye nafasi ya siku 30 za kazi, na alilipwa baada ya kuijaza. Mkataji alihesabiwa matita ya majani 30 kila moja. Siku ambayo hakumaliza idadi aliyopangiwa haikuandikwa. Baada ya kukatwa, majani yalipelekwa kwenye korona, yaani mtambo wa kuchambua nyuzi.

Watu hawa walikaa katika kambi za shamba, kwenye ardhi ya mwajiri. Mtu wa nje aliyetaka kuwahutubia alihitaji ruhusa ya meneja. Kwa hiyo ilikuwa vigumu zaidi kuanzisha chama cha wafanyakazi shambani kuliko mjini au bandarini.

Urafiki wa kudai uhuru

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata liliundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, lililojulikana kwa kifupi TFL. Katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye pia alikuwa mwanachama wa TANU.

Pande hizo mbili zilisaidiana bila kuungana. TANU ilipata makatibu na wasemaji waliozoea kupanga watu. Vyama vya wafanyakazi vilipata kuungwa mkono na umma. Katika mgomo wa kiwanda cha bia cha Dar es Salaam mwaka 1958, TANU iliwaomba wananchi waache kunywa bia mpaka madai ya wafanyakazi yasikilizwe.

Katika mkonge, waajiri walianzisha mabaraza ya mashauriano yenye wajumbe wa wafanyakazi, wakitaraji kwamba yangetosha. Viongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba waliyapinga. Walidai kwamba mjumbe anayekaa katika kambi ya mwajiri hawezi kumbana mwajiri huyo. Mwaka 1958 migomo mingi ilitokea mashambani, na ule wa Mazinde, Korogwe, ukajulikana nchi nzima. Baadaye waajiri walikubali kujadiliana na chama hicho, ambacho kilikua haraka na kuwa miongoni mwa vikubwa zaidi katika TFL. Kiongozi wake, Victor Mkello, alikuja kuwa rais wa shirikisho hilo.

Mvutano baada ya uhuru

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi uliofuata Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akaijenge TANU, na Kawawa akashika nafasi yake. Aliyekuwa kiongozi wa wafanyakazi sasa aliongoza serikali.

Viongozi wengine wa TFL walipewa vyeo pia. Michael Kamaliza aliingia katika baraza la mawaziri akishughulikia kazi. Kasanga Tumbo wa chama cha wafanyakazi wa reli, ambacho kilikuwa kimegoma kwa siku 82 mwaka 1960, alipelekwa London kuwa balozi, lakini alijiuzulu na kujiunga na upinzani.

Mvutano ulikuwa na sababu tatu kubwa:

1. Mishahara. Serikali ilisema wenye mshahara ni wachache, na fedha za nchi zinapaswa kwanza kumsaidia mkulima kijijini. Viongozi wa wafanyakazi walijibu kwamba mkata mkonge naye ni maskini, na faida ya jasho lake ilikwenda kwa wenye makampuni.
2. Kuwapa Waafrika kazi zilizoshikwa na wageni. Vyama vilitaka jambo hilo liende upesi. Nyerere alikataa ubaguzi wa rangi kati ya raia.
3. Uhuru wa vyama. TANU iliona kwamba nchi changa haiwezi kuwa na sauti mbili. Wanachama wengi wa TFL waliiunga mkono TANU, lakini hawakutaka iwachagulie viongozi.

Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria zilizobana migomo. Mgogoro ulipaswa kwanza kupitia usuluhishi na baraza la uamuzi, na waziri akapewa uwezo zaidi juu ya shirikisho na fedha zake. Wakati huohuo serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara na kuweka malipo ya kumaliza kazi kwa mfanyakazi anayeachishwa. Hivyo haki ya kugoma ilipungua huku masilahi mengine yakiongezeka.

Mwanzoni mwa mwaka 1963, kufuatia migomo katika mashamba ya mkonge, Mkello na mwenzake Shehe Amiri walihamishwa kwa amri ya serikali na kupelekwa Sumbawanga, mbali kabisa na Tanga. Hatua hiyo ilionyesha kwamba rais wa shirikisho lenyewe hakuwa na kinga.

Kuvunjwa kwa TFL

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa jeshi la Tanganyika waliasi. Serikali iliwashuku baadhi ya viongozi wa wafanyakazi kwamba walikuwa wakishirikiana na waasi, na wapatao 200 walikamatwa. Mwezi Februari Bunge lilipitisha sheria ya kuvunja TFL na vyama vyake na kuanzisha Chama cha Wafanyakazi cha Taifa, yaani NUTA.

Katibu mkuu wa NUTA na msaidizi wake waliteuliwa na Rais. Katibu mkuu wa kwanza alikuwa Kamaliza, aliyeendelea kuwa waziri wa kazi. Mtu mmoja alitakiwa kuwasilisha madai ya wafanyakazi na pia kuyajibu. NUTA ilifungamanishwa na TANU, na kuitangaza siasa ya TANU kukawa miongoni mwa kazi zake. Ada ya mwanachama ilikatwa katika mshahara.

Faida zilikuwapo. Mwaka uleule ilipitishwa sheria ya usalama wa kazi, iliyoweka kamati za wafanyakazi na utaratibu wa kufuatwa kabla ya mtu kufukuzwa. Mfuko wa akiba wa wafanyakazi ulianzishwa pia. Kwa mkata mkonge ambaye zamani aliweza kufukuzwa kwa neno la mnyapara, mabadiliko hayo hayakuwa madogo.

Mwajiri, chama na serikali

Uzalishaji wa mkonge wa Tanzania ulifikia kilele cha takriban tani 230,000 mwaka 1964. Baada ya hapo bei ilishuka kwa sababu ya ushindani wa nchi nyingine na wa nyuzi za plastiki. Mashamba yalipunguza wafanyakazi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa na kuwekwa chini ya shirika la umma.

Mfanyakazi katika mashamba hayo sasa alikuwa na mwajiri ambaye ni serikali, serikali iliyoongozwa na TANU, na chama cha wafanyakazi kilichofungamana na TANU hiyohiyo. Lawama juu ya posho au nyumba za kambi iliishia mlango uleule. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye majivuno, na wafanyakazi wa viwanda, hasa Dar es Salaam, waliutumia kuhalalisha migomo yao. Waliiruka NUTA wakatumia maneno ya chama tawala dhidi ya mameneja walioteuliwa na serikali yake.

Kamaliza mwenyewe alipoteza uwaziri, kisha akahukumiwa kifungo mwaka 1971 pamoja na Bibi Titi Mohamed katika kesi ya uhaini.

Baada ya TANU

TANU na Afro-Shirazi ziliungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Mwaka 1978 NUTA ilifuatwa na JUWATA, yaani Jumuiya ya Wafanyakazi wa Tanzania, iliyokuwa mojawapo ya jumuiya za CCM. Mwaka 1991, nchi ilipokuwa ikielekea kwenye vyama vingi, sheria iliunda OTTU, na vyama vya sekta mbalimbali vikaanza kurudi, kikiwamo TPAWU cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo. Shirikisho la sasa, TUCTA, lilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inatambua haki ya kugoma kwa kufuata utaratibu.

Katika mkonge uhuru huo ulikuja wakati ajira zimepungua sana. Mashamba ya umma yalibinafsishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na katika baadhi yake, kama Hale, Magoma na Ngombezi, wakulima wadogo walipewa maeneo ya kulima mkonge na kuuza majani yao kiwandani. Mtu wa aina hii hapokei mshahara. Ugomvi wake ni juu ya bei na makato, na chombo chake ni ushirika. Vibarua anaowaajiri yeye mwenyewe ndio walio katika hali inayofanana zaidi na ile ya wakataji wa miaka ya 1950, na mara nyingi hawana chama chochote cha kuwasemea.