Ukumbi ambao tiketi ya bei ya chini ndiyo ya mbele

KATIKA nchi zetu hizi, ukialikwa kwenye sherehe huna haja ya kuuliza wakubwa wamekaa wapi. Viti vya sofa viko mbele chini ya turubai, pamoja na meza yenye maji ya chupa na maua ya plastiki. Nyuma yake kuna viti vya plastiki, nyuma tena mabenchi, na watoto wako juani wakizuiwa wasisogee na mtu mwenye fimbo. Ngoma zikianza, anayeziona vizuri ni mheshimiwa ambaye muda wote yuko kwenye simu.

Nilikaribia miaka arobaini nikiamini kwamba dunia nzima iko hivyo. Kilichonitoa katika imani hiyo ni muziki, tena muziki ule ambao wengi wetu tunauita wa Wazungu matajiri: fidla, chelo, kinanda cha mabomba na kwaya kubwa.

Ilikuwa Agosti 2017. Nilikuwa London kwa mafunzo ya wiki tatu ya walimu wa Kiingereza. Mfukoni sikuwa na kitu cha kujivunia, na siku za kiangazi cha huko ni ndefu. Mwenyeji wetu, alipoona kila tukitoka darasani tunajifungia chumbani na televisheni, alituambia: "Nendeni makanisani. Mchana kuna muziki, na hamtadaiwa kitu mlangoni."

Muziki wa saa saba mchana

Kanisa la kwanza nililoingia ni St Martin-in-the-Fields, kando ya uwanja wa Trafalgar. Jengo hilo lilikamilika mwaka 1726. Saa 7:00 mchana hapakuwa na ibada. Vijana wanne waliketi mbele ya madhabahu wakiwa na fidla mbili, viola na chelo. Hapakuwa na kipaza sauti hata kimoja. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, na hata pale walipopiga kwa sauti ya chini kama mtu anayenong'ona, nilisikia kila kitu. Kuta na dari la mviringo ndivyo vilivyokuwa spika.

Nikawatazama waliokaa. Walikuwapo makarani waliotoka ofisini kwa saa moja ya chakula, watalii wenye ramani, wazee wengi, na mwanamume mmoja mwenye mifuko mitatu ya nguo ambaye, kwa jinsi alivyoonekana, hakuwa na nyumba. Hakuna aliyemwondoa. Nilikuja kusoma kwamba kanisa hilo lina historia ya namna hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mchungaji wake, Dick Sheppard, aliwafungulia milango askari waliokuwa wakipita London bila pa kulala, na kazi ya kuwasaidia wasio na makazi imeendelea hapo tangu wakati huo.

Mwisho wa muziki tulitoa mchango wa hiari. Mwenye nacho aliweka, na asiye nacho alipita tu. Nisimdanganye msomaji kwamba kila kitu huko ni bure. Matamasha ya jioni katika kanisa hilohilo, yale ya mwanga wa mishumaa, yana tiketi na hujaa watu, na fedha zake husaidia kuliendesha kanisa. Lakini mchana ule hakuna aliyeuliza mfuko wangu una kiasi gani.

Foleni ya pauni 6

Wiki yangu ya mwisho nilikwenda kwenye Proms, msimu wa muziki wa klasiki unaofanyika kila kiangazi katika ukumbi wa Royal Albert Hall, kuanzia Julai hadi Septemba. Ili mtu aelewe nilichokiona huko, inabidi tuanzie nyuma kidogo.

Mwaka 1895 meneja wa ukumbi wa Queen's Hall, Robert Newman, alikuwa na tatizo. Kiangazi kikifika, matajiri wa London walikwenda likizo na ukumbi ukabaki mtupu. Akaona ni heri awaite wale waliobaki mjini, yaani watu wa kazi. Akaondoa viti vya katikati, akatoza shilingi moja ya Kiingereza kwa kusimama, na akamkabidhi okestra kijana wa miaka 26, Henry Wood. Onyesho la kwanza lilikuwa Agosti 10, 1895. Watu waliruhusiwa kutembeatembea, kula, kunywa na hata kuvuta sigara, ila waliombwa wasiwashe viberiti wakati wa uimbaji. Newman alianza na nyimbo nyepesi, akaongeza ngumu kidogo kidogo, mpaka umma ukazoea. Sisi walimu tunaijua mbinu hiyo.

Newman alifariki mwaka 1926, na mwaka uliofuata shirika la utangazaji la BBC likauchukua msimu huo. Kisha ikaja vita. Usiku wa Mei 10, 1941 ndege za Ujerumani ziliishambulia London, na Queen's Hall ukateketea. Usiku huohuo kanisa la St John's katika Smith Square liliungua likabaki kuta. Kiangazi kilipofika, wanamuziki hawakusubiri mji ujengwe upya. Msimu ulihamia Royal Albert Hall mwaka huohuo. Kanisa lile nalo lilikaa gofu kwa zaidi ya miaka 20, likakarabatiwa, na mwaka 1969 likafunguliwa kama ukumbi wa muziki. Sanamu ya Henry Wood iliyookolewa kwenye kifusi cha Queen's Hall huwekwa mpaka leo mbele ya kinanda cha Royal Albert Hall kila msimu.

Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1871. Ni wa umbo la duaradufu, na huingiza watu zaidi ya 5,000. Zaidi ya viti 1,200 vina wenyewe, kwa sababu wakati wa ujenzi matajiri walichangia fedha na kupewa haki ya viti kwa miaka 999. Pamoja na hayo, uwanja wa chini ulio katikati, mbele kabisa ya okestra, hauna viti wakati wa Proms. Ni wa kusimama, na ndio wa bei ya chini. Mwaka ule ilikuwa pauni 6, karibu sawa na mkate wa nyama na kahawa mjini humo. Mwaka 2024 ilikuwa pauni 8. Hakuna mjomba wa kukutafutia nafasi. Unapanga foleni, aliyewahi anasimama mbele.

Mama wa kwenye foleni

Nilipanga foleni Agosti 30, 2017. Nyuma yangu alisimama mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, mwenye kiti cha kukunja na chupa ya chai. Alisema amesimama kwenye Proms tangu akiwa msichana.

"Mwalimu, unasoma muziki?" aliniuliza baada ya kujua kazi yangu.

Nilimjibu kwa aibu: "Hapana, mama. Nota zenyewe sizijui. Najua do re mi tu, tulizofundishwa ubaoni nilipokuwa mtoto wa mkimbizi Tanzania."

Akanitazama kama mtu aliyesikia jina la ndugu yake. "Hizo si nota ndogo," alisema. "Hizo zilitoka kwetu, na zilitengenezwa kwa ajili ya watu maskini."

Hapo niliona haya kwa sababu nyingine. Nilizaliwa Katumba, makazi ya Warundi waliokimbia mwaka 1972, katika wilaya ya Mpanda. Kanisa letu lilikuwa la tofali za kuchoma na sakafu ya udongo. Mwalimu wetu wa kwaya, mkimbizi kama sisi, hakuwa na kinanda. Alikuwa na ubao mweusi, chaki na kijiti. Aliandika d, r, m, f, s, l, t, kwa nukta na mistari yake, safu nne kwa sauti nne, nasi tuliimba herufi kwanza, maneno baadaye. Kwa njia hiyo, Pasaka moja tuliimba ile Haleluya Kuu inayojulikana na kila kwaya Tanzania. Juu ya karatasi iliandikwa "Handel". Tulidhani ni mmisionari.

Nilipofika sekondari, mtu mmoja aliyesoma muziki mjini aliniambia kwamba herufi zile si muziki halisi, ni mambo ya kijijini. Nilimwamini kwa miaka zaidi ya ishirini.

Niliporudi nilikoishi nikasoma, nikakuta yule mama alisema kweli. Mfumo huo ulianzishwa na mwalimu wa kike wa Norwich, Sarah Glover, aliyeuchapisha mwaka 1835 kwa ajili ya kufundishia watoto. Mwaka 1841 mchungaji John Curwen aliombwa na walimu wa shule za Jumapili atafute njia rahisi ya kufundisha uimbaji, naye akauboresha na kuusambaza kwa wafanyakazi wa viwandani. Herufi zinachapwa kwa mashine ya kawaida na zinaandikika kwa chaki. Wamisionari wakazileta Afrika. Mwaka 1897 mwalimu mmoja wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga, alitunga wimbo wake Nkosi Sikelel' iAfrika akauandika kwa herufi hizohizo. Ndio uliozaa Mungu Ibariki Afrika, wimbo niliouimba kila asubuhi katika shule za Tanzania nikiwa mtoto asiye na nchi.

Usiku wa Chineke!

Saa 4:15 usiku okestra ya Chineke! iliingia jukwaani. Ilianzishwa mwaka 2015 na Chi-chi Nwanoku, mpigaji wa besi ambaye baba yake ni Mnigeria na mama yake wa Ireland, ili wanamuziki weusi na wa jamii nyingine ndogo za Ulaya wapate nafasi. Nilisimama mita chache kutoka jukwaani, kwa pauni zangu 6. Wenye viti vya miaka 999 walikuwa nyuma yangu na juu yangu.

Walipiga kazi ya Chevalier de Saint-Georges, aliyezaliwa Guadeloupe mwaka 1745 na mama mtumwa, akawa mwanamuziki mashuhuri Paris. Walipiga Lyric for Strings ya George Walker, Mmarekani mweusi aliyeitunga mwaka 1946 kwa kumbukumbu ya bibi yake, ambaye aliwahi kuwa mtumwa. Sheku Kanneh-Mason, kijana wa miaka 18, alipiga chelo. Kisha Jeanine De Bique, mwimbaji wa kutoka Trinidad, akaimba Handel.

Handel yule wa karatasi ya Katumba. Hakuwa mmisionari. Alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685, akahamia London, na mwaka 1727 akapewa uraia wa Uingereza. Messiah, kazi yenye ile Haleluya, iliimbwa kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742 kwa ajili ya kuchangia hospitali na wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakaachiwa huru. Nilisimama pale nikimkumbuka mwalimu wetu na kijiti chake. Alikwisha fariki bila kusikia okestra hata siku moja, na mimi sikuwahi kumwambia asante.

Kiangazi chetu

Nimerudi Burundi tangu mwaka 2009. Kiangazi chetu huangukia miezi ileile ya huko, na shule hufungwa. Niliporudi kutoka London niliwaomba wazee wa kanisa moja mjini Bujumbura waturuhusu kufanya tamasha la wanafunzi wakati wa likizo. Jibu la kwanza lilikuwa fupi: "Mwalimu, kanisani hakuna maonyesho." Sikuwalaumu. Kwetu jengo la ibada lina heshima yake, na wapo waliowahi kulifanya jukwaa la siasa. Mwaka 2018 niliomba tena, nikiwa na orodha ya nyimbo mkononi. Wakakubali.

Tulikuwa wanafunzi 26, kinanda kimoja cha kuazima, na ubao. Ugomvi haukuwa wa nyimbo, ulikuwa wa viti. Nilipanga mstari wa mbele uwe wa watoto wa mtaani pale. Asubuhi nikakuta umeshawekwa viti vya sofa. Nilibishana, nikashindwa. Mwishowe mzee mmoja alitandika mikeka sakafuni mbele ya sofa na kusema: "Watoto wakae hapa. Wakubwa wataona juu ya vichwa vyao." Wakakaa. Mheshimiwa aliyefika alizima simu, nadhani kwa sababu watoto walikuwa wakimtazama.

Watu husema muziki wa namna hii unahitaji fedha za Ulaya. Okestra ya Wakimbangu ya Kinshasa ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda ikiwa na vyombo vichache ambavyo wanamuziki walipokezana, na leo inajulikana duniani. Sisi makanisa tunayo, kwaya tunazo, na kiangazi huja kila mwaka. Tunachopoteza ni ubao. Kwaya nyingi sasa hujifunza nyimbo kwa kuiga kanda na simu, na mwalimu anayejua kuandika safu nne za herufi akifa, hazikwi peke yake.

Baada ya tamasha lile msichana mmoja wa mikekani alikuja kwenye ubao akagusa herufi kwa kidole. "Mwalimu, hii ni hesabu?" Nikamwambia aimbe d. Akaimba. Nikamwambia aimbe r.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari mjini Bujumbura.