Mzee na Pikipiki Yake: Kupanda Bila Kuumia

Katika parokia nyingi za vijijini pikipiki imeshika nafasi ya baiskeli. Mwalimu wa dini huzungukia vigango kwa pikipiki, mkulima hupelekea mahindi mashineni, babu humpeleka bibi kliniki. Walioanza kuendesha wakiwa vijana sasa wana miaka 60 na zaidi. Barabarani bado ni hodari, wanalijua kila korongo la njia. Taabu yao ni moja, na wengi huona haya kuisema: kupanda na kushuka.

Mzee akishindwa kuinua mguu, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hujirusha kwa nguvu na kuangukiwa na pikipiki, ama huacha kabisa kutoka nyumbani. Yote mawili ni hasara. Pikipiki ya kawaida ina uzito wa kilo 100 au zaidi. Ikimwangusha mtu wa umri huo inaweza kumvunja nyonga, na nyonga iliyovunjika uzeeni humlaza mtu miezi mingi. Lakini hatari hii inaweza kupunguzwa nyumbani, kwa gharama ndogo.

KWA NINI MGUU UNAKATAA

Kiti cha pikipiki nyingi kiko kama sentimeta 80 kutoka ardhini. Anayepanda husimama kwa mguu mmoja, huku akiuinua mwingine kwenda nyuma na pembeni mpaka uvuke kiti. Kazi hiyo yataka mambo matatu: nyonga inayofunguka vizuri, misuli ya mapaja yenye nguvu, na mwili usioyumba. Umri unapokwenda, gegedu linalofunika ncha za mifupa huchakaa na nyonga hukaza. Misuli nayo hupungua, hasa kwa mtu asiyeitumia. Kwa hiyo mzee anayeshindwa kupanda si mvivu wala hakurogwa. Ni mwili uliobadilika, nasi tubadilishe namna ya kupanda.

TUANZE NA PIKIPIKI YENYEWE

1. Mzigo. Mguu hupita juu ya keria. Gunia au kreti iliyofungwa hapo huongeza urefu wa kuvuka. Mzee apande kwanza, kisha kijana amfungie mzigo. Wakati wa kushuka, mzigo utangulie kutolewa.

2. Kiti. Fundi wa kushona viti anaweza kufungua kitambaa, akapunguza sponji sentimeta 3 hadi 5, akashona tena. Asipunguze hadi chuma kiguse makalio, maana mgongo utauma.

3. Shokapu za nyuma. Pikipiki nyingi zina pete ya kukaza na kulegeza springi. Ikilegezwa, kiti hushuka kidogo mtu anapokaa. Pande zote mbili ziwe sawa. Anayebeba abiria au mizigo mizito asilegeze sana.

4. Stendi. Wengine humwambia fundi aishushe pikipiki nzima. Kazi hiyo ifanywe na fundi anayeijua, ashushe mbele na nyuma kwa kipimo kimoja, na stendi ya pembeni ikatwe ifupike. Stendi ikibaki ndefu, pikipiki husimama wima mno na huweza kuangukia upande wa pili. Pia ikumbukwe kwamba pikipiki iliyoshushwa hugonga mawe katika njia mbaya.

Anayetaka kununua nyingine atazame zile za fremu iliyoinama katikati, ambazo mguu hupita mbele ya kiti bila kuinuliwa juu. Mfano wake ni Super Cub, ambayo Honda ya Japani iliitoa mwaka 1958. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Ikiwa na kitufe cha kuwashia ni bora zaidi, kwani kupiga kiki huumiza goti bovu.

NAMNA YA KUPANDA

Pikipiki isimame mahali pagumu na tambarare, juu ya stendi ya pembeni. Ardhi ikiwa laini, wekeni kipande cha ubao au jiwe bapa chini ya stendi. Injini iwe imezimwa na gia ya kwanza imeingizwa, ili isisogee.

Mzee asimame upande wa kushoto. Upande wa kulia mara nyingi ndiko liliko bomba la moshi, nalo huunguza. Ashike usukani kwa mikono miwili na kubana breki ya mbele. Ainamishe kifua kuelekea tangi la mafuta. Kisha akunje goti la kulia, apitishe unyayo juu ya kiti taratibu, auteleze mpaka ushuke upande wa pili. Asirushe mguu ulionyooka. Akishakaa na miguu yote kukanyaga chini, ndipo aisimamishe wima, akunje stendi, avute klachi na kutoa gia.

Nyumbani jengeni kidato cha saruji au matofali, kipana, chenye kimo cha sentimeta 15 hadi 20, na pikipiki iegeshwe kando yake. Kidato hicho ni bora kuliko kigoda, kwa sababu hakipinduki. Kushuka ni kwa njia hiyo hiyo, kinyume chake: stendi kwanza, mguu baadaye.

MAZOEZI YA KILA SIKU

Asubuhi, kabla ya safari, mzee atembee dakika tano. Kisha ashike meza nzito, ainue mguu mmoja pembeni mara 10, na mwingine vivyo hivyo. Akae kwenye kiti na kuinuka mara 10, bila kujisukuma kwa mikono kama anaweza. Mwisho asimame kwa mguu mmoja karibu na ukuta, akihesabu hadi 10. Maumivu madogo ya misuli ni ya kawaida, lakini maumivu makali ni ishara ya kuacha.

NENDA HOSPITALI

Tunashauri mzee apimwe iwapo ana maumivu ya kinena anapovaa suruali, goti lililovimba au lenye joto, au kizunguzungu anapoinuka. Ganzi ya miguu inayoandamana na kushindwa kuzuia mkojo ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Vidonge vya maumivu kama diclofenac visimezwe kila siku bila ushauri wa daktari, kwani huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo.

KWA WATOTO NA WAJUKUU

Msimcheke babu anapohangaika, wala msimnyang'anye ufunguo kwa ghafla. Mshikieni pikipiki, mjengeeni kidato. Lakini akiwa amesimama na hawezi kuizuia isilale, au haoni vizuri, mwambieni kwa heshima kwamba wakati wa kukaa nyuma umefika. Siku hiyo mpelekeni ninyi kule alikozoea kwenda, asibaki peke yake nyumbani. Hata abiria hupanda, kwa hiyo kidato kile kile kitamfaa bado.