Mwache mtoto apige kopo, lakini kagua vyuma vyake

Mtoto wa miaka 8 akileta nyumbani kopo la rangi, waya na kipande cha kibuyu, wazazi wengi humwambia atupe uchafu huo. Mzazi wa Sumbawanga, kumbuka kwanza uko kwenye ardhi gani.

Ufipa ilikuwa nchi ya chuma. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 mafundi wa hapa walijenga matanuru ya udongo yaliyofika mita 3 hivi, yakiitwa malungu. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena kwenye tanuru dogo lenye mivukuto. Na haikuwa kazi ya moto tu. Tanuru lilihesabiwa kama bibi harusi, dawa za miti zilizikwa chini yake, na nyimbo ziliimbwa kazi ikiendelea. Udongo, mimea, chuma na sauti vilikaa pamoja hapa kabla wasanii wa leo hawajavipeleka kwenye kumbi za maonyesho.

Mfano ulio karibu zaidi na mikono ya mtoto uko Dodoma. Ilimba ya Wagogo, aliyoipigia nchi nyingi marehemu Hukwe Zawose, ni sanduku la mbao lenye ndimi za chuma na tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Ulimi ukiguswa, utando hutetemeka na sauti hutoka ikivuma kama nyuki.

Kwa hiyo mwache atengeneze. Anayepinda waya hadi apate mlio anaoutaka anazoeza vidole na masikio kwa pamoja, na angalau hajashika simu yako.

Tatizo ni vyuma vyenyewe. Kingo za bati zikunjwe kwa nyundo, na waya akate mtu mzima. Wengi huogopa kutu, lakini kutu peke yake haileti pepopunda. Vijidudu vyake huishi kwenye udongo na samadi, na msumari uliookotwa karibu na zizi umebeba vyote viwili. Akichomwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, kisha mpeleke zahanati siku hiyo hiyo pamoja na kadi ya kliniki. Chanjo ya Penta ya wiki ya 6, 10 na 14 hukinga pepopunda, ila nguvu yake hupungua miaka inavyopita.

Kopo la rangi badilisha na la maziwa, kwa sababu rangi nyingine zina madini ya risasi. Betri kuukuu ya gari au ya sola asiiguse kabisa. Vumbi la risasi huingia mdomoni kupitia vidole, huharibu ubongo unaokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mara nyingi mzazi haoni dalili yoyote mapema; huja kushangaa mtoto anapochelewa kushika masomo.